Dola 17 kwa chambo, halafu ndoana zinanyooka kama waya wa uzio?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira, na mtanivumilia.

Jumamosi nimeamka saa tisa usiku, nikaendesha kutoka Dallas kwenda Lake Fork, ziwa la huku Texas, giza likaniishia barabarani. Kwa wasiojua, besi ninayemfuata kule si lile basi la abiria. Ni samaki wa maji baridi mwenye mdomo kama mlango wa tanuri, yule ambaye Wakenya wanaye Naivasha tangu Wazungu walipomleta kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Alfajiri anawinda juujuu, na raha yote ni kumvua kwa chambo bandia kinachoelea. Unakichezesha kwa vimtikiso vidogo, pua inakwenda kulia, inakwenda kushoto, kama dagaa aliyelewa. Halafu maji yanalipuka.

Basi yakalipuka! Nikamwona ubavu mzima. Ziwa lile ndiko alikotoka besi anayeshikilia rekodi ya Texas, ratili 18.18, zaidi ya kilo 8, mwaka 1992. Sisemi wangu alifika huko, ila tangu nianze mchezo huu sijawahi kushika wa namna ile. Akapiga mbizi kuelekea kwenye visiki (ziwa limejaa miti mikavu iliyosimama majini), nikambana, fimbo ikapinda, mara ikawa nyepesi. Chambo kikarudi peke yake. Ile ndoana ya ncha tatu ya tumboni, ncha mbili zimefunguka, na moja imenyooka kiasi kwamba ungeweza kuchomea mshikaki.

Chambo hicho nilikitoa kwenye boksi Ijumaa jioni. Dola 17. Nikaiandikia kampuni, jina naliacha, wakanijibu kwamba ndoana ni "sehemu inayochakaa" na haimo kwenye dhamana. Imechakaa saa ngapi, jamani? Kwenye buti la gari?

Na msiniambie sikuzikagua. Mjomba wangu Tanga, kabla hajafunga ndoana huikwaruza kwenye ukucha wa dole gumba. Ikiteleza anaiweka pembeni, ikinasa anaifunga. Nilifanya hivyohivyo, zote zikanasa. Zilikuwa kali kweli. Kumbe ni kali lakini laini, waya mwembamba wa kupunguza gharama.

Sasa ninyi kundi la "usiguse ndoana za kiwandani, utaharibu uzani wa chambo". Mnarudia maneno haya kwenye kila mada ya jukwaa hili kama kasuku, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba mna nusu ya ukweli. Mwaka jana nilitoa ndoana tatu za namba 4 kwenye chambo kingine kama hiki nikafunga za namba 2 (huku namba ikishuka ndoana inakua). Ya mbele na ya katikati zikawa zinashikana kila nikirusha. Mkia ukazama, na ile kulia-kushoto ikafa kabisa, kikawa kinaburutwa kama kijiti. Nikazipima kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu, zilizidi kwa gramu moja na ushei tu. Gramu moja! Kwa kitu kinachoelea, inatosha kukiua.

Lakini hiyo si sababu ya kukaa na waya wa uzio. Jana nimebaki na namba 4 ileile, ya waya mnene zaidi, nikaondoa kabisa ile ya katikati. Mbili zilizobaki hazizidi uzito wa zile tatu za mwanzo. Nimekijaribu kwenye bwawa la kuogelea la mtaani kwetu, watoto wakinicheka, na kinatembea. Vile vipete kama vya funguo, vinavyoshikilia ndoana kwenye chambo, navyo nimevibadilisha, maana hakuna faida ndoana igome halafu kipete kifunguke. Nunueni plaizi yake maalumu. Mimi nilitumia kucha, na kidole bado kinauma.

Na kuna faida nyingine. Fork, besi wa inchi 16 hadi 24 sheria inataka arudishwe majini. Ncha tisa kwenye mdomo mmoja, nyingine zimeshika jicho, unamrudishaje akiwa mzima? Ncha sita zinatosha, na kile kijino cha kuzuia isichomoke nimekibana kwa plaizi. Nitapoteza mmoja mmoja, sawa.

Nikiri na langu kabla hamjanirukia. Breki ya rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) nilikuwa nimeikaza mpaka mwisho, na mshipi ni wa kusukwa, wa kuhimili ratili 50, haunyumbuki hata chembe. Ningefunga nailoni, ambayo hunyumbuka kidogo, pengine ndoana ingesalimika. Nimelikubali hilo tangu Jumamosi usiku, sikulala vizuri. Lakini mshipi wa kusukwa ndio wanaoupendekeza wao wenyewe nyuma ya boksi! Huwezi kumwambia mtu avute kwa kamba halafu umpe ndoo yenye mpini wa uzi.

Wanaovua kolekole wakubwa baharini wanauziwa vyambo vingi vya kuelea bila ndoana, kila mtu anafunga za kwake. Sisi wa maji baridi tuna kosa gani? Niuzieni ganda tupu kwa dola 12, ndoana nitajitafutia. Sasa nalipa 17, natupa zenu, nanunua nyingine kwa dola 8, na bado mtu wa huduma kwa wateja ananitakia "uvuvi mwema".

Aliyeondoa ndoana ya katikati kabla yangu aniambie: je, wanaopiga katikati ya chambo unawakosa sana? Narudi Fork Jumamosi. Na wewe unayetaka kuandika "nunua nyavu", nimekuona, endelea na shughuli zako.