Kinanda, miksa na spika: stika ya plota, rangi ya kupuliza, rangi ya unga au kuprinti kwa UV?

Bendi_Temeke
Wakuu heshima kwenu. Tuna bendi ndogo ya kupiga harusini na kwenye vigodoro. Vyombo ni kinanda cha Yamaha PSR cha mtumba, miksa ya bati na spika mbili zenye amplifaya ndani. Kinanda kimechubuka vibaya, miksa maandishi yamefutika mpaka mgeni akikaa pale hajui geini ni ipi na eko ni ipi, halafu spika tunataka ziwe na jina la bendi kubwa lionekane kwenye video za watu. Nimezunguka mjini nimeambiwa njia nne, kama mnavyoona kwenye kichwa cha habari. Kila fundi anasifia ya kwake tu. Nani ameshafanya, ipi inadumu? Mfuko wetu ni wa kawaida, sio wa msanii mkubwa.

FundiMsasa
Mkuu hapo umeleta vitu vitatu kwa swali moja, havitibiwi dawa moja. Kinanda ni plastiki ya ABS, miksa ni chuma, spika sijui kama ni mbao au plastiki, hujasema.

Kinanda nakushauri rangi ya kupuliza ila kifunguliwe chote, saketi na funguo zitoke zikae pembeni, ganda lioshwe na sabuni, msasa wa maji 400 halafu 600, futa na spirit, praima ya plastiki, ndio uanze rangi, nyembamba nyembamba unarudia, mwisho klia, ile rangi isiyo na rangi ya kulinda juu. Aseton isikaribie kabisa, ABS inayeyuka ikigusana nayo. Na fundi akikwambia atapuliza kikiwa kimefungwa ataziba na magazeti, beba kinanda chako uondoke. Vumbi la rangi linapenya chini ya funguo kwenye vile vikombe vya mpira vyenye kaboni, baada ya hapo unapiga noti moja inaitika, nyingine kimya.

DadaPlota
Mimi nakata stika kwa hiyo mnisikilize mkijua nina maslahi 😂

Kwa jina kubwa juu ya uso laini stika haina mpinzani kwa bei, na siku mkibadilisha jina la bendi unaibandua kwa drayeri ya nywele bila kuumiza kitu. Ila ziko stika na stika. Ile ya bei chee ikikaa juani inasinyaa, pembeni inabaki mstari wa gundi unaoshika uchafu. Mwambie fundi unataka ile ya kufunika magari, inavutika na inakaa hata kwenye kona. Sehemu ambayo kiganja kinalala kila siku msiweke, jasho na mafuta ya mkono vitainua ncha. Na maandishi madogo kama ya miksa sahau, herufi ikishuka chini ya milimita 3 kisu cha plota kinaing'oa badala ya kuikata. Akitokea mjanja akasema atakata vinili kwa leza mkataze, ile ni PVC, inatoa gesi yenye asidi inayokula mashine na mapafu yake.

PwaniSound
Salaam kutoka Mombasa. Naongeza kuhusu rangi ya unga, ile ya kuoka. Kwa ugumu hakuna inayoifikia, unagonga gonga kwenye pikapu wala haichubuki. Lakini inaokwa kwenye nyuzi 180 mpaka 200 hivi kwa hiyo lazima libaki bati tupu, maana ABS ikifika nyuzi 100 na kidogo tayari inalegea. Sasa kuna jambo mafundi wengi wa mageti hawalijui: hiyo rangi haipitishi umeme. Jamaa yangu alipeleka boksi la miksa likapakwa vizuri mno, likarudishiwa saketi, kuwasha ni mvumo mtindo mmoja. Waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini, ulikuwa umefungwa juu ya rangi, chuma hakigusi. Ilibidi kukwangua pale kwenye boliti mpaka chuma kionekane. Sehemu zote za athi zizibwe KABLA ya kupuliza unga.

Na ukishaoka bado huna maandishi, utalipia tena kuandikiwa.

mzee_wa_spika
Vijana, spika msizing'arishe. Rangi ya kung'aa kwenye spika inaonyesha kila mkwaruzo na kila kidole, ndio maana zinatoka kiwandani na ile rangi ya vipelevipele. Kama ni za mbao pakeni rangi ya maji ya vipele kwa rola, ikauke siku nzima. Jina piga kwa stensili, yaani kibao chenye herufi zilizotobolewa, na sponji iliyokaribia kukauka, mnagongagonga. Mkipuliza, rangi inapita chini ya stensili kwa sababu uso haujanyooka, herufi zinatoka na ndevu. Wavu wa mbele vua, toa na povu lililo nyuma yake ndio upake, matundu yakiziba sauti nyembamba inakufa.

Amplifaya ya nyuma msiifungue kama hamna mtaalamu, zile kapasita zinabaki na umeme hata ukichomoa waya ukutani. Na vitundu vya kupumulia pale nyuma msivibandike stika eti jina lienee.

Andikeni na kwa ndani ya boksi. Mwizi atapaka nje, ndani hakumbuki.

Bendi_Temeke
Shikamoo mzee, spika ni za mbao kweli. Hilo la ndani nimelipenda. Kuna mtu kaniambia nipeleke kinanda kwa wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay wakichore wanyama na jina letu, hilo likoje?

RangiZaMafuta
Likoje tena, hilo ndilo zuri kuliko yote mliyotaja! Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alichora kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya hadibodi, na ile rangi ikikauka ni ngumu. Mkono wa mchoraji unafuata mkunjo wa kinanda, printa haiwezi. Kwenye plastiki aweke praima kwanza. Tahadhari ni moja, hizo rangi zinachelewa kukauka, ukikimbilia kuweka klia ya gari juu yake tina inaikunja yote inavimba mikunjo. Subiri wiki kadhaa au acha bila klia.

FundiMsasa
@RangiZaMafuta kweli kuhusu klia, na zile klia za kuchanganya na hadna, dawa ya kuzigandisha, zina sumu inayoleta pumu, barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Ila simba na twiga kwenye kinanda cha kigodoro 😅 kila mtu na macho yake.

StudioChumbani
Mbona miksa mmeiacha? Hapo ndipo UV inapolipa, ile printa inayochapa moja kwa moja juu ya kitu na kukausha wino kwa taa. Unang'oa vinobu vyote, vile vya kuzungusha, unaskani uso, unachora upya kwenye kompyuta, unaprinti kwanza kwenye karatasi na kuilaza juu uone matundu yanaoana, ndipo unapeleka bati. Kichwa cha printa kinapita milimita chache tu juu ya kitu, kikibaki kinobu kimoja hapiti mtu. Kwenye bati jeusi waweke wino mweupe chini, bila hivyo rangi hazionekani.

Au msiandike sana. Mashine ya ngoma TR-808 ya Roland ya 1980 ina vitufe 16 vya kupangia mdundo, vinne vinne kwa rangi: nyekundu, chungwa, njano, nyeupe. Gizani mpigaji anajua yuko robo ipi bila kusoma herufi. Nunua vinobu vya rangi, maiki rangi moja, kinanda nyingine, eko nyingine. Mgeni ataelewa.

Bendi_Temeke
Aisee hiyo ya vinobu ni rahisi kuliko zote. Basi: miksa vinobu vya rangi kwanza, UV tukipata harusi mbili tatu kubwa. Spika rola na stensili. Kinanda tunapiga kura Jumapili, mpiga besi ameshasema anataka chui. @DadaPlota stensili unakata?

DadaPlota
Nakata. Nitumie jina kwenye faili la vekta, la michoro ya mistari ambayo plota inaifuata, sio picha uliyoipiga skrini kutoka WhatsApp, na upana wa spika kwa sentimita. Herufi kama O na A nitaziachia vidaraja, msije kulalamika zimekatika.