Ubao wa malengo: unasaidia kweli, au ni pambo la ukutani?

Fundi wa Nguo, Mwanza (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Kila mwaka unapoanza, katika kikundi chetu cha wanawake hatukosi mtu wa kutuhimiza kutengeneza ubao wa malengo, yaani kadi kubwa ya manila ambayo mtu hubandika picha za mambo anayotaka kuyafikia, kisha akaitundika mahali atakapoiona kila siku. Wenzangu wengi wamekwisha kutengeneza za kwao, na nikizitazama naona zinafanana mno: gari jeupe, nyumba ya ghorofa, ndege angani na maharusi waliokatwa kwenye jarida. Mimi ninashonea barazani kwa mama mkwe, na malengo yangu ya mwaka huu ni mawili: kununua mashine ya ovaloki, ile ya kumalizia kingo za nguo, ili niache kupeleka nguo kwa fundi mwingine kupigiwa, na kupata fremu yangu mwenyewe, yaani chumba cha biashara cha kupanga, karibu na stendi.

Naomba kujua kama kutazama picha kunamsaidia mtu kweli, na kama kunasaidia, basi ni nini kinachopaswa kuwekwa kwenye ubao huo na nini kiachwe. Tena nyumba yetu haikauki wageni, nami sipendi kila anayeingia asome mipango yangu. Niutundike wapi? Ningefurahi kupata majibu ya watu wanaolifahamu jambo hili, kwa sababu maneno ya kutia moyo nimekwisha kuyasikia ya kutosha.

Mwezeshaji wa Vijana, Dodoma

Karibu, dada. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaongoza vijana wa kanisani kwetu kutengeneza mbao hizi, na chanzo chetu kilikuwa Habakuki 2:2, pale nabii anapoagizwa kuiandika njozi kwenye vibao iwe wazi kwa anayeisoma. Wengi wanatekeleza agizo la vibao na kulisahau lile la uwazi. Picha ya gari jeupe haisemi ni gari la kazi gani, litanunuliwa lini, wala kwa fedha itakayotoka wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kushika mkasi, kaa na daftari uandike kila lengo kwa sentensi moja yenye kiasi cha fedha na mwezi unaokusudia. Kisha tafuta picha inayolingana na sentensi hiyo, na nakushauri usiichukue kwenye intaneti. Nenda dukani, uombe ruhusa, upige picha mashine ile ile unayoitaka, kibandiko cha bei kikiwa kinaonekana. Vivyo hivyo kwa fremu, piga picha ya mlango wa fremu za mtaa unaoutaka. Zichapishe stesheneri, ukubwa wa nusu karatasi unatosha. Upande wa kushoto wa kadi weka hali yako ya sasa, hata kama ni picha ya lile baraza. Upande wa kulia weka unakokwenda. Na katikati, ambako ndiko kunakostahili nafasi kubwa kuliko kwingine kote, andika hatua za kukuvusha kutoka huku hadi kule. Mbao nyingi nilizoziona hazina kabisa sehemu hiyo ya katikati.

Jambo dogo la ufundi: manila peke yake hujikunja baada ya muda mfupi, hivyo ishikize kwenye ubavu wa boksi gumu, na picha uzibane kwa pini badala ya gundi, kwa maana mipango hubadilika na bei hupanda.

Mwalimu wa Saikolojia, Morogoro

Swali la kwanza la mleta mada limefanyiwa utafiti, na majibu yake huenda yasiwapendeze wauza semina. Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanafunzi waliokuwa wakikaribia mtihani. Baadhi yao walitakiwa kila siku, kwa dakika chache, kujiona wamesimama mbele ya orodha ya matokeo wakifurahia alama ya juu waliyoipata. Wengine walitakiwa kujiona wakisoma: wamekaa wapi, wamefungua kitabu gani, wamezima televisheni. Waliojiona wakisoma ndio waliosoma kwa saa nyingi zaidi na kufanya vizuri zaidi katika mtihani. Wale waliokuwa wakiiona alama tu hawakupata faida hiyo.

Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani anayefundisha Chuo Kikuu cha New York, amelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Katika utafiti aliouchapisha na Doris Mayer mwaka 2002, wahitimu wa chuo kikuu waliokuwa wakijipumbaza zaidi na taswira tamu za kazi watakayoipata walikuja kuonekana, miaka miwili baadaye, kuwa wametuma maombi machache zaidi na kulipwa mishahara midogo zaidi. Mwaka 2011, akiwa na Heather Kappes, alionyesha kwamba kuwaza mafanikio kana kwamba yamekwisha kufika hushusha hata nguvu ya mwili, na mojawapo ya vipimo walivyotumia ni shinikizo la damu. Akili imekwisha kula karamu, mwili unaona hakuna sababu ya kwenda kuwinda. Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kutarajia kufaulu kwa sababu una historia ya kufaulu ni jambo lenye manufaa, na wahitimu waliokuwa na matarajio ya aina hiyo walifanya vizuri, kinachodhoofisha ni kuota mchana.

Sisemi uache ubao. Nasema ubadilishe picha. Badala ya fremu inayong'aa, weka picha yako wewe mwenyewe ukiwa umeinama kwenye cherehani, au ukihesabu fedha za wiki mezani. Halafu uweke na kikwazo, ambacho Oettingen anasisitiza kiwekwe ubavuni mwa lengo. Kikwazo chenye maana zaidi ni kile kilichomo katika mwenendo wako kuliko kile cha serikali au cha hali ya hewa. Tuseme fedha ya awali anayoacha mteja huishia sokoni kabla kitambaa hakijakatwa. Liandike hilo, kisha chini yake uandike sharti kwa mtindo aliouchunguza mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, wa kufunga tendo fulani kwenye tukio fulani: "Mteja akinipa fedha ya awali, basi kabla sijainuka nitahamisha shilingi 5,000 kwenda kwenye akiba ya simu." Sentensi ya namna hiyo, ikiwa imebandikwa usawa wa macho pale unaposhonea, ina kazi kubwa kuliko ghorofa la kwenye jarida.

Mjukuu wa Bibi, Tanga

Naomba nijibu la kutundika, maana huku kwetu pwani hilo ndilo watu huanza nalo. Mtu haaniki mipango yake sebuleni, kijicho kipo, na hata asiyeamini kijicho anajua adha ya kuulizwa kila Ijumaa "ile mashine imefika wapi?" Dada yangu, ubandike upande wa ndani wa mlango wa kabati la nguo. Utauona kila asubuhi unapotoa kanga, na mlango ukifungwa hakuna mgeni atakayejua. Lile sharti la fedha ya awali ndilo pekee la kuweka kwenye cherehani, kwenye kikaratasi kidogo, kwa kuwa halimwambii mtu chochote.

Kuna ndugu zetu Waislamu wanaoona jambo hili halifai. Kwa fahamu yangu, Suratul Kahf, aya ya 23 na ya 24, inatukataza kusema tutafanya jambo kesho bila kusema Inshaallah, haikukataza kupanga. Ninachokikataa mimi ni yale mafundisho ya kwamba ukiitazama picha kwa imani ya kutosha ulimwengu wenyewe utakuletea kitu hicho mlangoni.

Mama mkwe, hata hivyo, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Baraza ni lake, na akisikia habari za fremu kwa jirani utakuwa umejitafutia neno.

Mhasibu wa Kikundi, Iringa

Nawaunga mkono waliotangulia, ila naona malengo ya mleta mada yana uzito usiolingana, na ubao unapaswa kuonyesha hivyo. Ovaloki ina bei moja: ukiilipa, imekwisha. Fremu ni mkufu wa gharama. Wenye fremu wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, na penye biashara kubwa, kama Kariakoo, huwapo pia kilemba anachodai mpangaji anayekuachia nafasi. Ongeza leseni ya biashara ya halmashauri, umeme, kufuli na meza ya kukatia. Namba ya mlipakodi ya TRA hutolewa bure, kwa hiyo yeyote anayekutoza kwa ajili ya namba yenyewe mkimbie. Vitu hivi vyote, kila kimoja na kiasi chake, ndivyo vinavyojaza ile sehemu ya katikati aliyoitaja ndugu wa Dodoma.

Kwa ovaloki, chora miraba. Tuseme bei uliyoikuta dukani ni shilingi 800,000: chora miraba 40, kila mmoja wa shilingi 20,000, na upake rangi mraba pale tu fedha inapokuwa imekwisha kuingia kwenye akiba, si pale unapoahidiwa na mteja. Eliud Kipchoge, aliyekimbia umbali wa marathoni jijini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, anajulikana kwa desturi ya kuandika mazoezi yake kwenye daftari kwa mkono wake. Miraba ndiyo daftari lako.

Na kwa kuwa mko kikundi, ulizieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Msingi wake ni kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo hatua hiyo iwe kwenye ubao wa kikundi na si kwenye kabati lako.

Fundi wa Nguo, Mwanza (mleta mada)

Nawashukuru sana nyote. Nimeamua kutanguliza ovaloki, kwa sababu fedha ninayomlipa fundi mwingine kwa kila nguo ndiyo itakayoanza kulipia fremu. Jumamosi nitaomba nipigwe picha nikiwa nimeikalia mashine ya rafiki yangu, na ndiyo nitakayoibandika. Limebaki swali moja: mwezi ambao mahitaji ya shule yatameza kila kitu, mraba ukikosa rangi, niuache wazi au nipunguze idadi ya miraba ili nisivunjike moyo?

Mhasibu wa Kikundi, Iringa

Uache wazi, na pembeni yake uandike kwa penseli jina la mwezi na sababu. Usipunguze miraba, kwa kuwa bei ya dukani haikupungua. Mwaka ukiisha, angalia ni miezi ipi iliyokwama, kisha kwa mwaka unaofuata ujipangie kiwango kidogo kwa miezi hiyo na kikubwa kwa miezi ya sikukuu na ya harusi, ambayo mafundi wa nguo huwa hawalali.