Ampuli za LED Bukavu: zipi zinavumilia volti za jioni?

mama_wa_nguba (Bukavu)

Salamu wandugu. Nataka kuondoa ampuli (balbu) zote za zamani, zile za uzi, niweke za LED. Nyumba ina ampuli 9: sita za wati 60 (vyumba, koridoo, choo) na tatu za wati 100 (sebule, jikoni, na moja ya nje inayowaka usiku kucha). Duyi (vishikio vya ampuli) nne ni za kuzungusha, tano ni za kusukuma na kugeuza. Jioni volti zinashuka mpaka 150 au 160, usiku wa manane zinapita 230.

LED tatu za kwanza, za bei ya chini, zimekufa ndani ya miezi miwili. Moja ilianza kupepesa, mbili zilizimika palepale umeme uliporudi baada ya delestaji (mgao wa umeme). Nisome nini kabla ya kulipa? Wati ngapi za LED zinatosha badala ya 60 na 100? Kuna kitu cha kulinda nyumba nzima? Na kuna moja ambayo hata nikizima swichi inabaki na kamwanga kadogo. Ni ya hatari?

---

fundi_kadutu (Bukavu)

Mama, acha picha za boksi, soma maandishi madogo yaliyo shingoni mwa ampuli yenyewe. La kwanza ni volti. Ikiandikwa 220-240V, mara nyingi hiyo ni ya kadi (kibao cha umeme cha ndani) rahisi, isiyo na koili. Ndani yake vidude vya LED vimepangwa mstari mmoja, na mstari huo unahitaji volti nyingi ndipo uwake. Umeme wa 220 unafika kama 311 kileleni, kwa hiyo kazi inakwenda. Umeme wa 150 unafika 212 tu, mstari unakosa nguvu, ampuli inapepesa au inazima kabisa. Kwa hiyo ile yako iliyopepesa si lazima iwe ilikuwa mbovu. Inawezekana ilitengenezwa kwa umeme wa mji mwingine.

Tafuta iliyoandikwa 85-265V au 100-265V. Kadi yake ina koili ndogo: volti zikishuka inavuta mkondo zaidi na mwanga unabaki uleule. Ila wino haugharimu kitu, kuna zinazoandikwa hivyo bure. Nunua moja kwanza, iwashe saa moja jioni wakati majirani wote wako na resho (jiko la umeme), ndipo urudi kununua nyingine nane. Ielekezee pia kamera ya simu: ukiona mistari minene myeusi inapita kwenye skrini, kadi ni ya bei rahisi.

La pili ni lumeni. Wati zinaeleza inachokula, lumeni zinaeleza inachotoa. Ampuli ya uzi ya wati 60 inatoa kama lumeni 700 hadi 800, hiyo ni LED ya wati 8 au 9. Ya wati 100 inatoa kama 1,350 hadi 1,500, hiyo ni LED ya wati 13 hadi 15. LED ya kawaida inatoa lumeni 80 hadi 110 kwa kila wati, kwa hiyo boksi likisema "wati 5 sawa na 100", lirudishe mezani. Na boksi lisilo na lumeni kabisa mimi silihesabu.

Duyi zako: ya kuzungusha ni E27, ya kusukuma ni B22. Sokoni ziko zote mbili, andika idadi kwenye karatasi kabla ya kwenda. Usinunue vigeuzi vya kutoka B22 kwenda E27. Vinaongeza mguso mmoja wa kulegea, na vinashusha ampuli chini ya kifuniko chake.

---

himbi_umeme (Goma)

Naongeza joto, maana nalo linaua LED nyingi. Ampuli ya uzi haijali kufungiwa. LED inajali, kwa sababu kadi na kondensateri yake (kidude cha kutunza chaji) viko shingoni, mahali penye joto kuliko pote. Ukiiweka ndani ya globu ya kioo iliyofungwa, inajipika yenyewe. Kwa globu ya namna hiyo usizidishe wati 7, au ondoa globu. Ukiwa dukani, pima mbili mkononi: yenye alumini ndani ni nzito kidogo, ile nyepesi kama ganda la yai haina pa kupelekea joto.

Rangi, ile namba yenye K kwenye boksi: 3000K kwa vyumba vya kulala, 4000K kwa jikoni na meza ya watoto ya kusomea. 6500K, nyeupe ya buluu, ndiyo imejaa sokoni; iweke nje.

Sasa hesabu, kwa kuwa watu wanabadilisha bila kuhesabu. Tuseme umeme upo usiku wote: ya nje saa 12, nyingine saa 4. Ya nje peke yake ni wati 100 × 12, yaani kWh 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi. Zile nane ni wati 560 × 4, kama kWh 2.2 kwa siku. Jumla inafika 103 kwa mwezi. Ukiweka LED za 9 na 13, jumla inashuka hadi kama 14. Angalia ya nje: kutoka 36 inakuja chini ya 5. Kama makuta hayatoshi kununua zote mara moja, anza na hiyo, kisha sebule na jikoni. Ya choo iwe ya mwisho kabisa.

Lakini Mama, umeme unalipa vipi? Ukiwa na keshi pawa (mita ya kulipia kabla) utaiona tofauti kwenye yuniti mwezi uleule. Ukiwa bado kwenye forfe (bei moja kila mwezi bila kupima), fakturi haitashuka hata faranga moja. Faida yako itakuwa mwanga: ampuli ya uzi ikiwa kwenye volti 160 inatoa kama theluthi tu ya mwanga wake, LED ya volti pana inatoa wote.

---

bagira_elec (Bukavu)

Zile mbili zilizokufa umeme uliporudi zinahitaji jibu lao. Dijonkteri (swichi kuu inayojikata) haioni volti, inaona mkondo tu. Volti 300 zikiingia, yenyewe imekaa kimya.

Kinachosaidia ni relei ya volti, kile kisanduku chenye namba zinazowaka, kinachofungwa kwenye kofre (sanduku la umeme la nyumba) baada ya dijonkteri kubwa. Ya ampere 40 inatosha nyumba yenye resho moja na pasi. Ipange hivi: juu ikate kwenye 250, chini ikate kwenye 140, na isubiri sekunde 180 kabla ya kurudisha. Dakika hizo 3 ndizo muhimu, kwa sababu umeme unaporudi mtaani unapanda na kushuka kabla ya kutulia. Watu wanaweka chini volti 180 kama karatasi ya relei inavyosema, halafu wanakaa gizani kila jioni. Volti 180 ni ya friji, na friji iwe na relei yake kwenye prizi (soketi ya ukutani). Stabilizateri (kifaa cha kutuliza volti) kwa ajili ya LED tu ni kutupa makuta.

Jambo moja zito zaidi. Volti zikipanda kila wakati majirani wanapowasha vitu, au ampuli zinang'aa kupita kiasi ghafla bila wewe kugusa kitu, inawezekana netre (waya wa kurudisha umeme) imelegea au imekatika kwenye mti wa umeme au kwenye laini ya mtaa. Hapo nyumba yako inaweza kupata volti za kuelekea 380. Shusha dijonkteri kubwa na uite wenye laini. Asipande mtu wa parseli (wa kiwanja chenu) kwenye mti.

Kamwanga kadogo: zima swichi, toa ampuli, gusa miguso ya ndani ya duyi kwa turnevisi (bisibisi) ya kupimia. Ikiwaka kwa nguvu, swichi yako inakata netre badala ya faze (waya wa moto). Kamwanga kenyewe hakadhuru. Kinachodhuru ni kwamba duyi ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na siku ya kubadilisha ampuli kidole kinaupata. Fundi abadilishe nyaya hizo mbili kwenye boksi la kuunganishia, ni kazi ya nusu saa. Isipowaka, angalia kama swichi ina taa yake ndogo nyekundu ndani. Iondoe, kamwanga kataisha. Kama hakuna, basi nyaya ndefu zinaambukizana umeme. Kondensateri ya 0.1 µF, volti 275, iliyoandikwa X2, ikifungwa sambamba na duyi inamaliza.

---

mama_wa_nguba

Asanteni sana. Niko kwenye forfe bado, lakini mwanga wa jioni peke yake unanitosha kubadilisha. Mawili tena: zile LED za kuchaji, zinazowaka umeme ukikatika, zinafaa kwa koridoo? Na duyi ya jikoni inalia "tsss" ampuli ikiwa inawaka.

---

katuba_fil (Lubumbashi)

Za kuchaji zinafaa, ila usiamini "saa 6". Ndani kuna betri moja ya litiamu. Ikiwa ya 1,200 mAh kwa volti 3.7, hiyo ni kama Wh 4.4. Ikiwaka kwa wati 3, inakupa saa moja na nusu hivi. Nyingi zinaanza na mwanga mzuri kisha zinafifia polepole.

Kuna mtego hapa unaogusa ushauri wa bagira_elec. Ampuli hizi zinajua umeme umekatika kwa kutafuta njia kati ya faze na netre, kupitia vitu vingine vilivyo kwenye laini, hata vya jirani. Ukishusha dijonkteri kubwa na nyumbani hakuna kingine kilichochomekwa, njia hiyo haipo, ampuli inadhani swichi imezimwa, koridoo inabaki giza. Relei ya volti nayo inaweza kuleta hivyohivyo ikikata. Acha chaja ya redio au kitu chenye transfoma kimechomekwa, zitawaka. Usiziweke nje wala juu ya jiko: betri haipendi joto.

Mkipewa ampuli za ekonomi, zile za bomba lililosokotwa, kwa bei ya kutupa, msichukue. Zina zebaki kidogo ndani. Ikivunjika, fungua madirisha, watoto watoke kwa dakika 15, kusanya vipande kwa kadibodi na kitambaa kibichi, weka kwenye kopo lenye kifuniko. Usifagie, ufagio unaisambaza.

---

fundi_kadutu

Duyi inayolia usiweke LED mpya ndani yake, itaiua kwa wiki chache. Mlio huo ni cheche kati ya ulimi wa shaba na kitako cha ampuli. Shusha dijonkteri, hakikisha kwa turnevisi ya kupimia, toa ampuli ikipoa. Kama hiyo ya jikoni ni ya kuzungusha, utaona ulimi wa katikati umelala chini kwa sababu ya miaka ya joto la wati 100. Ukiwa bado unang'aa, ukwangue kwa msasa laini na uuinue milimita 2 hivi. Ukiwa mweusi na umepoteza nguvu yake ya springi, yaani ukiusukuma haurudi, tupa duyi yote. Ya kusukuma nayo ina vijiti viwili vya springi: vikikwama chini, usivirekebishe, badilisha.

Unapofunga mpya, chagua ya kauri kwa jikoni, ondoa sentimita 1 ya ganda la waya, si zaidi. Faze iende kwenye ulimi wa katikati, netre kwenye ganda la kuzungushia. Angalia na domino (kiunganishi cha nyaya) iliyo juu ya duyi hiyo: ikiwa ya kahawia upande mmoja, joto lilifika hadi huko. Kata waya ulioungua mpaka upate shaba nyekundu, kisha uweke domino mpya.