Ushauri: Mama apande mashua ya tanga au boti ya kioo, pwani ya Mji Mkongwe?

Mwana wa Wete
Asalaam aleikum wana jukwaa. Nisaidieni, tena upesi, maana ni Jumamosi hii.

Mama yangu ana miaka 67, mtu wa Wete, Pemba. Wiki hii yuko Unguja, amekuja harusi ya mtoto wa dada yake. Maisha yake yote kaishi kisiwani lakini hata siku moja hajapanda chombo kwa ajili ya kutazama tu, kama wafanyavyo wageni. Nimetaka kumpa zawadi ya saa moja baharini, yeye na mtembezaji wa kumweleza anachokiona. Waondoke Forodhani saa kumi jioni, wapite mbele ya Ngome Kongwe na Beit al Ajaib, waende hadi Maruhubi, kisha fungu la Nakupenda akanyage mchanga, warudi jua likizama.

Swali langu ni chombo. Kuna mashua ya tanga, na kuna boti ya mashine yenye kioo chini, unaona samaki. Kipi kinamfaa mtu mzima? Ni muoga kidogo wa bahari. Nimelifikiria jambo hili hadi usingizi umenipotea.

Ukwaju wa Mkunazini
Waleikum salaam. Mimi sijui habari za vyombo lakini tumbo nalijua. Asile urojo kabla ya kupanda! Mwaka juzi nilipokea wageni wangu kutoka Dar, wakala urojo na mishikaki, kachori juu, halafu moja kwa moja chomboni. Hatujafika hata nusu ya safari ya kisiwa cha Changuu, wote watatu wameinamia ubavuni na mimi nimewashika nguo kwa nyuma. Mpe chai ya tangawizi saa moja kabla, na kipande cha ndimu mkononi anuse. Akae katikati ya chombo, macho ayatupe mbali, asitazame chini. Kwa hiyo boti ya kioo hapana, kuinama kunamaliza.

Mpanda Pantoni
Mama mkwe wangu aliogopa pantoni ya Kigamboni, akawa anafumba macho toka Magogoni mpaka ng'ambo. Siku moja tumefika, watu wote wameshuka, yeye bado kafumba. Tukarudi naye mjini bila kujua! Siku hizi anapanda peke yake na mkungu wa ndizi kichwani. Mwambie mama ajaribu tu, uoga unaisha.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu, chombo chochote kitafika. Jambo kubwa ni mtembezaji. Hakikisha ana kibali cha Kamisheni ya Utalii, na umuulize maswali mawili kabla hujampa mama yako.

La kwanza, gereza la Changuu. Akikwambia watumwa walifungwa humo, mwache. Jengo lile lilijengwa 1893 liwe gereza, halikupata kutumika kwa kazi hiyo, likageuka karantini ya homa ya manjano. La pili, Beit al Ajaib. Aseme kwamba ni Sayyid Barghash aliyeijenga, 1883, na asione haya kusema kuwa sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, maana mama ataiona kwa macho yake. Akiwa hodari atamwonyesha pia maji yaliyo mbele ya kasri, ambamo meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa na Waingereza asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikufika hata saa moja. Na Maruhubi asiishie kwenye zile nguzo, aseme kasri liliungua 1899. Nimesomesha skuli miaka mingi, na inaniuma kuona wageni wanaijua pwani yetu kwa hadithi za uongo.

Baharia wa Malindi
Mwana wa Wete, mimi nabeba watu kwa chombo, kazi hii nimeirithi kwa baba. Kabla sijakujibu nataka kujua kitu. Umesema muoga "kidogo". Uoga wa tumbo au uoga wa moyo? Wa tumbo dada hapo juu kaumaliza. Wa moyo ni habari nyingine kabisa, mtu anaweza kusimama ghafla katikati ya maji, na mtu akisimama ghafla chomboni anawahatarisha wote.

Mwana wa Wete
Shukrani nyote. Ni uoga wa kawaida tu, kama wa kinamama wengine. Naona mtu akishakaa chomboni na upepo ukimpiga atazoea. Vilevile nimeshatoa arubuni, nahodha ni Mpemba mwenzetu, jina lake linasifiwa. Kwa hiyo kwenda wataenda. Nauliza tanga au mashine.

Baharia wa Malindi
Mtu wa Wete kuogopa bahari? Hapo pananitatiza. Mama amekujaje Unguja?

Mwana wa Wete
Kwa ndege.

Baharia wa Malindi
Siku zote huja kwa ndege?

Mwana wa Wete
Tangu 2011.

Haya, nitasema. Baba yangu alikuwemo katika meli ile iliyoondoka Malindi usiku wa Ijumaa tarehe 9 Septemba 2011 kwenda Pemba na ikazama mkondo wa Nungwi kabla ya asubuhi. Alikuwa anarudi nyumbani na madaftari ya wadogo zangu. Hatukumpata. Si miongoni mwa waliookolewa, wala si miongoni mwa waliolazwa wakaoneshwa jamaa zao. Tulimsomea hitma bila kaburi.

Tangu siku hiyo mama hajatia mguu kwenye chombo. Hata pwani haendi kununua samaki, anamtuma mtoto. Jumamosi tumemwambia anakwenda kula Forodhani. Akifika pale ndipo ataambiwa. Najua mtanilaumu, lakini nikimwambia mapema atakataa, na akikataa ndiyo basi tena. Miaka yote hii watu wanamzunguka wanazungumza kwa sauti ya chini, hakuna anayethubutu kutaja bahari mbele yake, na mama yangu alizaliwa katika nyumba ya wavuvi. Mimi nataka arudishiwe bahari yake. Je, nimekosa?

Ukwaju wa Mkunazini
Innalillahi. Nilikuwa naandika habari za urojo. Nisamehe ndugu yangu, nisamehe sana.

Bi Tanga
Mwanangu, umekosa, tena nakwambia kwa mapenzi. Mume wangu alifia barabarani, sitataja mahali. Miaka minne nikawa nazunguka njia ndefu kuliepuka lile daraja. Kaka yangu akaona hekima: akanipakia garini, akaniambia tunakwenda kumwona mgonjwa, akanipitisha pale pale. Nililia hadi nikakosa pumzi. Daraja ninapita sasa, ndiyo, nilijizoesha mwenyewe baadaye, lakini garini mwa kaka yangu sijapanda tena. Mama akidanganywa na mtoto wake mbele ya maji yaliyomchukulia mume, ataogopa vitu viwili badala ya kimoja. Mwambie. Akikataa, ni haki yake.

Mpanda Pantoni
Mimi nasema usimwambie. Wazee wetu ukiwaomba ruhusa hakuna kitu kitafanyika hapa duniani. Mama yangu tulimpeleka hospitali kwa kumwambia tunakwenda sokoni, leo mzima.

Bi Tanga
Hospitali alikuwa mgonjwa. Huyu anaumwa nini?

Mpima Maji
Samahani nyote mnaolia, mimi nimeusoma uzi huu mara mbili na una matundu.

Jumamosi hii mwezi mwandamo ni siku ya kumi na nne. Ni bamvua, maji makubwa. Mtoto yeyote wa Unguja anajua kwamba siku za bamvua maji hujaa saa kumi na hupwa saa nne. Sasa bwana huyu ana mama wa kukanyaga mchanga wa Nakupenda jioni, wakati fungu lenyewe limefunikwa lote. Tena kwa saa moja, na chombo cha tanga, Forodhani hadi Maruhubi, Maruhubi hadi Nakupenda, na kurudi! Mtu aliyezungumza na nahodha wa kweli hawezi kuandika hivi.

Na lingine. Rudini mwanzo. "Waondoke", "wapite", "waende", "warudi". Mtoto anampeleka mama yake baharini na hakuna hata neno moja la "sisi". Huyu hayupo Forodhani, pengine hata mama hayupo. Tumeshawahi kuona watu humu wanatunga msiba, halafu siku ya tatu wanaweka namba ya simu ya kampuni ya boti.

Mpanda Pantoni
Loo. Kweli, sikuliona hilo la "wapite".

Mwalimu Mstaafu
Hoja ya maji ni sahihi. Nami ningependa maelezo.

Ukwaju wa Mkunazini
Jamani taratibu. Waliopoteza watu mwaka ule ni wengi na wanapita humu kila siku. Nyumba ya tatu kutoka kwetu waliondoka watu wanne. Ukimwita mtu mwongo na kumbe si mwongo, neno hilo utalirudishaje?

Mwana wa Wete
Mpima Maji, macho yako ni makali na sikulaumu.

Mimi niko Muscat. Ni mwaka wa sita sijakanyaga nyumbani, naendesha gari la watu. Habari za saa kumi na fungu la Nakupenda amenipa binamu yangu kwa simu, naye kaambiwa na kijana mmoja wa pale Forodhani, si na nahodha. Mimi sikuhesabu mwezi. Huku nahesabu siku za mshahara, mwezi wa bahari umenitoka kichwani, na hilo limenitia aibu kuliko kuitwa mwongo.

Sikusema niko mbali kwa sababu nilijua mtaniuliza: unampandishaje mama chombo ambacho wewe humo? Jibu sina. Nilidhani nikilipa, nikapanga kila kitu, nikatumiwa picha yake yuko kwenye maji anacheka, itakuwa kama nilikuwepo. Na mkitaka kweli yote, mimi pia tangu mwaka ule sijapanda chombo. Nilikuja huku kwa ndege, na Matrah, bandari ya huku, naipita kwa gari, sishuki.

Namba ya simu ya kampuni siweki. Sina kampuni.

Mpima Maji
Nimesoma. Neno la kutunga msiba nalifuta. La bamvua nalishikilia.

Nani atakaa ubavuni mwake?

Mwana wa Wete
Binamu. Na dada yake mama kama atakubali.

Baharia wa Malindi
Dada yake kwanza, binamu baadaye.

Sasa nisikilize, nimengoja mpaka mmemaliza. Umemchagulia mama njia ya kaskazini, Forodhani kwenda Maruhubi. Njia hiyo inapita mbele ya gati la Malindi. Gati alilopandia baba yako. Mtembezaji atakuwa anaeleza habari za Masultani na mama atakuwa anatazama gati. Ulilifikiri hilo?

Nakupa rai yangu kama ningekuwa nambeba mama yangu. Jumamosi acha. Bamvua maji yanakwenda mbio, na jioni upepo umeshakaza. Subiri maji mafu, mwezi ishirini na mbili hivi. Siku hizo mkondo umelegea, na maji hujaa kama saa nne asubuhi, kwa hiyo akipanda saa tatu na nusu chombo kinamfuata karibu kabisa na mchanga, hapiti majini kwa miguu mpaka magotini. Mashua, si ngalawa. Ngalawa haipinduki kirahisi kwa sababu ya matengo yake, yale magogo ya ubavuni, lakini iko chini, maji yanamrukia mtu usoni, na yeye akirukiwa hatauliza kama ni hatari au si hatari. Mashua ni pana, ubavu uko juu, tanga linakwenda bila kelele, na mashine iwepo nyuma kwa dharura.

Jaketi okozi avae angali nchi kavu, afungwe na mtu anayemjua, si na baharia. Idadi ya watu ndogo, watano wanatosha. Binamu aombe kuona leseni ya chombo kutoka Mamlaka ya Usafiri Baharini, nahodha wa kweli hakasiriki kuombwa. Muelekee kusini, mzunguke Ras Shangani, mwende sambamba na ufukwe hadi usawa wa Mnazi Mmoja, mgeuze. Muda wote awe anaona watu wanaotembea nchi kavu. Akisema "rudisheni", mnarudisha papo hapo, hata kama mmekwenda hatua kumi, na pesa haidaiwi.

Yote hayo ni baada ya kuambiwa. Mimi sipandishi mtu aliyedanganywa.

Mwalimu Mstaafu
Akizunguka Shangani kuna mengi ya kueleza pia. Lakini siku hiyo mtembezaji anyamaze, asubiri kuulizwa.

Bi Tanga
Mpigie leo. Usimtume binamu.

Mwana wa Wete
Nimempigia baada ya Isha. Nilianza kwa kuuliza harusi, nikazunguka weee, mwisho akaniambia sema unachotaka kusema, simu ya Muscat ni ghali. Nikasema. Nikamwambia na uongo wa Forodhani, na arubuni, na kwamba nimefuta Jumamosi.

Akanyamaza kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika. Halafu akauliza, "Chombo cha tanga au cha mashine?" Nikamwambia tanga. Akauliza nahodha ni mtoto wa nani. Nikamtajia, akasema babu yake anamjua.

Kisha akauliza, "Kinapita Malindi?"

Nikamjibu hakipiti. Akasema haya, akaniaga, akakata. Sasa nimekaa hapa sijui alitaka nimwambie ndiyo au hapana.

Baharia wa Malindi
Usimjibie. Siku hiyo nahodha amuulize yeye, chombo kikiwa kimeshaelea na kabla tanga halijapandishwa: bi, tuelekee wapi? Maji mafu yanaruhusu kotekote.