Klachi ya Massey 135 imekataa kuachia. Naweza kupasua trekta nyumbani?

MkulimaNaitiri
Wadau, habari za jioni. Niko upande wa Tongaren, Bungoma. Nina Massey Ferguson 135, ile ya zamani yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Injini haina neno, inashika upesi na moshi wake ni wa kawaida. Taabu iko kwenye klachi, ile inayounganisha na kutenganisha injini na giaboksi. Nikikanyaga pedali hadi chini gia hazikubali kuingia, zinasaga tu mpaka meno yanauma. Nikizima injini zinaingia vizuri kabisa.

Machi hiyo inabisha hodi na shamba bado lina mabua. Swali langu ni moja tu: mtu anaweza kuipasua katikati mwenyewe, injini huku giaboksi kule, abadilishe klachi, airudishe? Nina jeki mbili, spana za kutosha na kijana wa kunishikia. Banda lina sakafu ya udongo uliopigwa. Anayejua utaratibu aniandikie hatua kwa hatua, nitashukuru.

SukariChemelil
Uza hiyo kitu. Massey 135 zilianza kutoka kiwandani mwaka 1964, nyingine ni kubwa kuliko mimi na wewe. Mimi nilikuwa na ya kwangu ya kuvuta trela za miwa, kila msimu ni spea, leo hydroliki, kesho nozeli, keshokutwa usukani unacheza kama mlevi. Nikaiuza, sasa nakodi trekta ikija inalima inaenda, na mwenye kulala macho ni mwenyewe. Pesa ya klachi weka kwenye mbolea.

MamaMahindi
Kodi ukodi ya nani wiki hii, Sukari? Huku kwetu Lugari wenye trekta wanapanga watu foleni kuanzia Januari. Ukikosa, unapanda umechelewa, na mahindi ya kuchelewa unayajua. Mwacheni mtu atengeneze chake.

Ila huyo kijana wa kukushikia ni wa shule au ni mtu mzima? Uliza vizuri wazazi wake kabla hujamlaza chini ya chuma.

FundiWebuye
Mkulima, kupasua 135 nyumbani kunawezekana, nimefanya chini ya miti mara nyingi. Lakini sakafu ya udongo ndiyo imenishtua. Jeki inazama pole pole huoni, na ukija kuona, injini imeshainama.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni hili. Ekseli ya mbele ya Massey imeshikwa kwa pini moja katikati ili magurudumu yapande na kushuka kwenye matuta. Trekta ikiwa nzima, sehemu ya nyuma ndiyo inaizuia isilale upande. Ukishatenganisha, injini yote pamoja na radieta inabaki imekalia hiyo pini peke yake na inaweza kupinduka kushoto au kulia ikakulalia. Kwa hiyo kabla ya boliti ya kwanza, chonga kabari mbili za mbao ngumu, uzipige nyundo kati ya ekseli na kiti chake, moja kila upande, mpaka ukitikisa injini isicheze hata kidogo. Mbao laini zinabonyea, usizitumie. Upande wa giaboksi weka vipande vya reli au boriti, si matofali, si mawe, na jeki isiwe ndiyo inayobeba uzito. Magurudumu ya nyuma yazibwe mbele na nyuma.

Halafu ndiyo ufungue fimbo mbili za usukani, kebo ya mizunguko, bomba la geji ya oili, waya wa kuzimia injini na nyaya za umeme. Kila boliti uirudishe kwenye tundu lake, usiweke kwenye sahani moja.

Lakini sijamaliza. Pedali ina mchezo kiasi gani kabla ya kukaza? Na tabu hii ilianza lini, ghafla au pole pole?

MkulimaNaitiri
Asante sana Fundi, maelezo kama haya ndiyo nilikuwa natafuta. Mchezo wa pedali upo kidogo, nimeshaurekebisha chini kwenye fimbo yake na hakuna kilichobadilika. Kijana ni mtu mzima, ana watoto wake, Mama usiwe na wasiwasi.

Niongeze tu kwamba seti ya klachi nimeshanunua Kitale, pleti zote mbili, preshapleti (ile sahani inayozibana pleti) na beringi. Kuna fundi wa hapa amechukua dipoziti ya kuja na winchi. Kwa hiyo mimi niko kwenye hatua ya kufungua, si ya kuamua.

MzeeKiminini
Kijana, umeulizwa ilianza lini. Umejibu habari ya pedali, ya mtoto wa watu na ya Kitale. Jibu la lini umeliruka kama mfereji.

FundiWebuye
Nami nangoja hilo hilo. Klachi iliyokwisha huwa inateleza: unapanda mlima, injini inalia, trekta haiendi. Yako haitelezi, haiachii. Hizo ni shida mbili tofauti na dawa zake ni tofauti. Kabla haijaanza kukataa ilikuwa ikifanya kazi gani?

MkulimaNaitiri
Haikuwa ikifanya kazi yoyote. Ilikuwa imesimama chini ya mwembe tangu tulipomzika mzee wetu. Trekta ilikuwa yake. Ndugu tukawa hatujaelewana nani aichukue, huyu anasema iuzwe pesa zigawanywe, yule anasema ibaki ya familia, kaka mkubwa yuko Nakuru na funguo anazo yeye. Ikanyeshewa, ikapigwa jua. Mwezi huu nimenunua swichi nyingine nikaitoa. Mimi ndiye niliye nyumbani na mama, mimi ndiye ninayelima. Sioni kwa nini chuma kioze kwa sababu ya kikao.

FundiWebuye
Sasa umesema. Hiyo klachi haijaharibika, imeshikana. Trekta ikikaa nje muda mrefu pedali ikiwa juu, pleti inabanwa kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, unyevu unaingia, kutu inaziunganisha. Ukikanyaga, preshapleti inarudi nyuma kama kawaida lakini pleti haibanduki, inaendelea kuzunguka na injini. Ndiyo maana gia zinasaga.

Usipasue chochote bado. Kwanza chungulia kwenye kifuniko kidogo cha nyumba ya klachi utazame hali ya ndani. Usipulize mafuta ya kulegeza kutu humo, yakilowesha pleti umeiua. Kata ubao uubane kati ya pedali na kiti ili pedali ilale chini usiku kucha.

Kisha tafuta trekta ya jirani na mnyororo mrefu, mwende mahali palipo wazi na tambarare. Vuta waya wa kuzimia uubane hapo hapo ili injini isishike. Weka gia ya juu, pedali chini, uvutwe. Magurudumu yatakuwa yanaizungusha injini kwa nguvu na kompresheni, hewa inayobanwa ndani ya silinda, inakataa. Gusa breki za nyuma, achia, gusa tena. Ikibanduka utasikia trekta imekuwa nyepesi ghafla. Mtu yeyote asisimame kati ya trekta mbili wala karibu na mnyororo.

MkulimaNaitiri
Fundi nakuheshimu, lakini fikiria na upande wangu. Seti iko ndani ya nyumba na duka halirudishi pesa. Fundi wa winchi anakuja Alhamisi. Na hata ikibanduka, hiyo pleti iliyoliwa na kutu itanifikisha wapi? Si afadhali niweke mpya mara moja nisahau?

FundiWebuye
Itakufikisha shambani. Kutu ya juu juu inasuguliwa na kazi yenyewe. Seti haiozi, ihifadhi.

MtaaSheria
Naona wote mko kwenye klachi. Ngoja niseme lisilopendeza. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu kabla ya kupata idhini ya mahakama, na kufanya hivyo ni kosa. Trekta ni mali ya marehemu. Kuizuia isioze naweza kukuelewa, lakini ukianza kuwalimia watu kwa malipo, huyo kaka wa Nakuru ana pa kukushika. Nendeni kwa chifu mchukue barua, mfungue kesi ya mirathi, yaishe.

MamaMahindi
Sheria tumesikia, na mama mzazi ale nini wakati kesi inapigwa kalenda? Kwetu baba mkwe aliacha gari aina ya pikapu, wakabishana hadi kuku wakataga ndani. Mwisho liliuzwa kwa kilo kwa watu wa vyuma vikuukuu, na waliobishana hawajasalimiana hadi leo. Mkulima, mpigie kaka yako simu. Si kumwomba ruhusa, ni kumwambia.

NjoroHalisi
Samahani niwakatize. Mimi huyu simwamini hata kidogo. Soma tena kuanzia juu. Kwanza "nina Massey", baadaye ni ya marehemu. Kwanza "injini inashika upesi", baadaye imekaa chini ya mwembe tangu mazishi. Dizeli iliyokaa hivyo, betri iliyokufa, hewa kwenye mabomba, halafu unapiga swichi inashika? Ametaja seti ya klachi, ametaja Kitale, ametaja fundi wa winchi. Subirini kidogo ataleta namba ya simu ya duka. Hapa watu wanajibu tangazo.

SukariChemelil
Hata mimi nilishangaa. Mtu ana trekta mbele yake na hajaweka picha hata moja?

MzeeKiminini
Hadithi za watu wanaobishania mali ya baba yao hazihitaji kutungwa, zimejaa kila boma. Lakini hilo la injini ajibu.

MkulimaNaitiri
Nitajibu, na picha siweki, kwa sababu kaka yangu ana watu humu na bamba la trekta analijua.

Haikushika siku ya kwanza. Betri niliazima ya lori. Tangi nilimwaga lote, chini kulikuwa na maji na uchafu mweusi mzito kama uji. Nikaosha, nikabadilisha filta, nikatia dizeli mpya. Nikalegeza skrubu ya juu ya filta, nikapiga kile kimkono cha pampu ndogo hadi povu likaisha, nikaifunga, nikaenda kwenye skrubu za pampu kubwa ya dizeli ya CAV vivyo hivyo, mwisho nikalegeza nati za mabomba kwenye nozeli huku kijana akizungusha stata. Nozeli ya nyuma ilitema hewa muda mrefu kuliko zingine. Baada ya hapo ndiyo inashika upesi. Nilisema inavyoshika leo.

Na leo mchana nimefungua kile kifuniko alichosema Fundi. Ndani kuna kiota cha panya. Maganda ya mahindi yaliyotafunwa laini, nyuzi za bluu za gunia, na mavi makavu yamegandana kwenye mikono ya preshapleti. Ukingo wa pleti una rangi ya chungwa kabisa. Nimetoa kiota kwa waya na koleo. Anayetaka kuamini na aamini.

FundiWebuye
Mimi naamini. Panya kwenye nyumba ya klachi nimewatoa sana, na mtu wa dukani hawezi kutunga hilo la nyuzi za gunia. NjoroHalisi, swali lako lilikuwa zuri, limejibiwa.

Mkulima, kabla ya kuvutwa nifanyie kipimo kimoja. Kama yako ni ya klachi ya hatua mbili, nusu ya kwanza ya pedali inaachisha magurudumu, kukanyaga hadi mwisho kunaachisha PTO, ile shafti ya nyuma ya kuzungusha mashine, na pampu ya hydroliki. Washa injini gia ikiwa huru, kanyaga hadi mwisho, inua leva ya mikono ya nyuma ya kubebea plau. Ikipanda, basi pleti ya PTO nayo imeshikana.

NjoroHalisi
Naondoa neno tangazo. Neno picha nabaki nalo.

MkulimaNaitiri
Wadau, mrejesho. Mikono ilipanda pedali ikiwa chini kabisa, kwa hiyo zote mbili zilikuwa zimeshikana. Pedali ililala na ubao. Asubuhi jirani akaja na trekta yake, tukaenda uwanja wa zamani wa mnada. Nilivutwa nikigusa breki kama ulivyosema, trekta ikawa inarukaruka, nikadhani nitavunja kitu. Tukiwa tunakaribia kugeuka ikatoa mlio mkavu, tap, ikateleza kama haina injini. Nimewasha, gia ya kwanza imeingia kimya. Nimekanyaga na kuachia nikiwa natembea nayo, sasa haisagi.

Ya PTO bado. Mikono inapanda vile vile hata pedali ikiwa sakafuni.

FundiWebuye
Safi sana. Plau inahitaji mikono ipande na magurudumu yasimame ukikanyaga, na vyote unavyo. Lima. Ila mashine yoyote ya kuzungushwa na shafti ya nyuma usifunge hadi hiyo pleti ya pili iachie au ubadilishe, kwa sababu hutaweza kuisimamisha kwa mguu mtu akinaswa nguo. Leva ya PTO iache imezimwa kabla ya kuwasha injini, kila siku. Na ukimaliza kazi usiku, rudisha ubao kwenye pedali, huenda na hiyo ikabanduka yenyewe.

Seti yako iweke pakavu ndani ya karatasi zake, mbali na oili. Mavuno yakiisha tupasue bila haraka, kwenye saruji.

MtaaSheria
Na kaka?

MkulimaNaitiri
Kesho naanza na kipande chake. Kikishalimwa nitampigia.

MamaMahindi
Piga leo. Akisikia kutoka kwa jirani mwenye mnyororo, hata ukimlimia ekari zote hatakusikia.

SukariChemelil
Mkulima, yule fundi wa winchi amerudisha dipoziti? Na hiyo seti ni ya inchi ngapi, kuna mtu wangu Muhoroni anatafuta.