Ushauri: risasi nilizojaza mwenyewe zinagandisha komeo, na kindi wanamaliza malisho

Mchunga_Nyanda

Wakuu, salaam. Nipo magharibi mwa South Dakota, mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi kwenye ranchi ya ng'ombe. Kuna kindi wa mashimoni huku, wale wenyeji wanaowaita prairie dog. Wameng'oa nyasi mpaka malisho ya kaskazini yamebaki udongo na vichuguu. Mwenye ranchi kanipa ruhusa niwapunguze. Leseni ya kuwinda ninayo, na green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) ninayo.

Mzee jirani ameniuzia bunduki yake ya zamani ya komeo (lile unaloinua na kuvuta kwa mkono kila baada ya risasi), saizi ya risasi .223 Remington, pamoja na mashine ya mkono ya kujazia risasi, maganda kama 100 aliyokwisha kuyatumia mara nyingi, vichwa vya risasi vya greni 69 (greni ni kipimo cha uzito) na makopo mawili ya baruti. Kopo moja lebo imebanduka. Kipimo cha baruti aliniandikia kwenye kipande cha karatasi. Nilitaka kujaza mwenyewe kwa sababu siku moja ya kindi inakula risasi nyingi, na za dukani zinanimaliza.

Jumapili nilipiga 20 kwenye shabaha, yadi 100. Komeo lilikuwa gumu kuinua, mara mbili nililigonga kwa kiganja. Matundu yalitawanyika kama sahani ya chakula, na mengine si ya duara, yamerefuka kama tundu la ufunguo. Maganda mengine yana mstari unaong'aa karibu na kitako. Tatizo ni bunduki au ni mimi?

Fundi_Mtutu

Kaka, kwanza weka bunduki chini. Usipige hata moja tena katika hizo.

Komeo kuwa gumu maana yake msukumo ndani ya chemba, pale risasi inapokaa, umepita kiasi: ganda limetanuka likashika kuta. Chukua maganda uliyopiga, tazama fataki, kile kiduara cha katikati ya kitako kinachowasha baruti. Kama imelala bapa, kingo zake zimejaa tundu lake lote, hiyo ni dalili nyingine ya jambo lile lile. Na ukilazimisha komeo kwa kiganja, kuna siku halitafunguka kabisa, au ganda litakatika na gesi itarudi usoni kwako.

Huo mstari unaong'aa ndio ulionitisha zaidi. Kila ukipitisha ganda kwenye kalibu ya kurudisha umbo, kalibu ikiwa imekazwa mno inalisukuma bega la ganda (pale linapoanza kuwa jembamba) nyuma kuliko inavyotakiwa. Ukipiga, shaba inanyooka kwenda mbele kujaza nafasi, na inanyooka palepale, juu kidogo ya kitako. Mara ya kwanza huoni kitu. Baada ya mizunguko kadhaa ukuta unakuwa mwembamba kama karatasi.

Fanya hivi: nyoosha pini ya kubania karatasi, pinda ncha yake kidogo iwe ndoano, iingize ndani ya ganda mpaka chini, kisha ipandishe taratibu huku ukikwaruza ukuta. Ncha ikikwama kwenye kijifereji, hata kidogo, ganda hilo libonyeze kwa koleo litupwe. Usilihurumie.

Mama_Rapid

Naongezea kwa Fundi. Mdogo wangu, umepima urefu wa maganda? Ganda la .223 halitakiwi kuzidi inchi 1.760, na wengi tunalikata lirudi 1.750. Shaba inatiririka kwenda shingoni kila likipigwa na kurudishwa umbo. Likirefuka, shingo inabanwa mwanzoni mwa mtutu na kuking'ang'ania kichwa cha risasi kisitoke kirahisi. Msukumo unapanda hata kama baruti yako ni ya kipimo sahihi. Maganda ya mzee, yaliyotumika mara nyingi na hayajakatwa, mimi ningeanza kushuku hapo. Nunua kalipa ya kupimia urefu kabla ya kitu kingine chochote.

Kopo lisilo na lebo, usijaribu kubahatisha kwa rangi wala umbo la punje. Baruti mbili zinaweza kufanana kama mapacha, moja ikawaka haraka kuliko mwenzake ukaishia hospitali. Imwage nje kwenye udongo mtupu kidogo kidogo, mbali na nyumba.

Na hicho kikaratasi cha mzee kichome. Simsemi vibaya, huenda kilimfaa yeye, kwa mtutu wake ulipokuwa mpya na kichwa kingine. Pata kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, anzia kipimo cha chini kabisa kwa kichwa unachotumia hasa, panda kidogo kidogo, ukiona dalili rudi. Mezani liwepo kopo moja tu la baruti. Mimi kila nikimaliza kujaza trei ya maganda, kabla ya kuweka vichwa, namulika kwa tochi ndani ya kila ganda. Kimo cha baruti kiwe sawa kote. Nilishakuta moja tupu na moja iliyojazwa mara mbili, jioni moja niliyoongea na simu huku nafanya kazi.

Kibaha_Kwetu

Swali kwa wote, maana mimi nipo hapa kwa visa ya mwanafunzi na ninapenda mambo haya. Naruhusiwa?

Mama_Rapid

Mwanangu, uwe mwangalifu sana hapo. Sheria ya shirikisho inamzuia mtu mwenye visa ya muda kumiliki hata risasi moja, isipokuwa awe ndani ya misamaha iliyotajwa, na mmoja wapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Kosa hapo linagusa hadi karatasi zako za uhamiaji. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa bunduki ya rafiki. Na kwa wote: kujaza kwa matumizi yako ni sawa kwa sheria ya shirikisho, lakini ukianza kujaza ili uuze unahitaji leseni.

Nanyuki_Baridi

Mimi nasoma tu kutoka Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, lakini naomba niwakumbushe mnaokuja likizo: msibebe hata ganda tupu la ukumbusho kwenye mkoba. Binamu yangu alikalishwa uwanja wa ndege saa nyingi kwa ajili ya ganda moja alilosahau kwenye mfuko wa koti.

Fundi_Mtutu

Turudi kwa Mchunga, kuna jambo halijajibiwa. Yale matundu marefu kama tundu la ufunguo yanaonyesha risasi inafika ikiwa imelala ubavu. Nina hakika karibu kabisa kwamba mtutu wako ni wa msokoto wa polepole, yaani mifereji yake ya ndani inaizungusha risasi taratibu. .223 nyingi za zamani zinazungusha risasi mara moja kila inchi 12, na hapo kichwa cha greni 69 ni kirefu mno, hakitulii hewani. Hakikisha hivi: funga kitambaa kinachobana kwenye fimbo ya kusafishia, isukume mtutuni, weka alama kwenye fimbo, uivute polepole uone inasafiri inchi ngapi mpaka alama izunguke mara moja. Ikiwa ni 12, rudi kwenye vichwa vya greni 40 mpaka 55. Kwa kindi ndivyo vinavyofaa hata hivyo.

Bunduki yenyewe: isafishe kuanzia upande wa chemba, kamwe si mdomoni, utaharibu ukingo. Kitambaa kikitoka na rangi ya bluu, bado kuna shaba ndani, endelea. Kaza skrubu za vishikio vya darubini. Kisha pitisha noti ya dola kati ya mtutu na mbao. Ikikwama mahali, mbao inaugusa mtutu, na ukipata moto shabaha itahama.

Na moto wenyewe: kindi watakushawishi upige bila kupumzika. Mtutu ukishakuwa wa kutoshikika kwa mkono, acha komeo wazi, kunywa maji. Risasi usiziache kwenye dashibodi juani, joto linapandisha msukumo.

Mama_Rapid

Wanyama waliokufa usiwashike kwa mikono mitupu, na mbwa wa ranchi asiwaokote. Viroboto vya kindi hawa hubeba tauni, hii ni kweli, si hadithi za zamani. Osha mikono kwa sabuni baada ya kushika risasi pia. Ukiweza, tumia vichwa vya shaba tupu, kwa sababu tai hula mizoga na risasi ya madini ya risasi inawaua.

Tena uulize mpaka wa ranchi yenu. Upande wa Conata Basin, huko huko South Dakota, upigaji wa kindi umefungwa kwa ajili ya ferreti wenye miguu myeusi, wanyama wadogo wala nyama. Walidhaniwa wameisha duniani mpaka wakaonekana tena Wyoming mwaka 1981, na Conata wakarudishwa 1996. Chakula chao ni kindi hawa hawa, na wanalala kwenye mashimo yao.

Mchunga_Nyanda

Wakuu, nimerudi na majibu, samahani nimechelewa, ndama walikuwa wanazaliwa.

Risasi zilizobaki nimezing'oa vichwa zote kwa ile nyundo maalumu ya kung'olea vichwa. Pini ilikwama kwenye maganda 34. Moja nilipolikata kwa msumeno niliona kifereji kwa macho, ukuta umebaki kama ganda la yai. Nilikaa kimya pale mezani muda mrefu. Yaliyobaki mengi yalikuwa yamezidi 1.760, hayo nayo nimeyaacha. Nimenunua maganda mapya 50 na kopo moja la baruti lenye lebo. Fimbo ilionyesha inchi 12 kamili, Fundi.

Vitambaa vilitoka bluu siku mbili. Noti ilikwama karibu na mwisho wa mbao, mbao nimeipiga msasa. Jana, vichwa vya greni 50, kipimo cha chini cha kitabu, komeo lilifunguka kwa vidole viwili. Matundu matano yanafunikwa na sarafu ya senti 25.

Sijapanda kipimo na sidhani nitapanda. Jumamosi naanzia malisho ya kaskazini. Upande wa bwawa kuna bundi wadogo wanaokaa kwenye mashimo ya kindi, huko sipigi.