MRI ya moyo: Tesla 1.5 au 3?

Wa_Kasarani: Wenzangu, baba ameandikiwa MRI ya moyo. Kuna kituo Upper Hill chenye mashine ya Tesla 3 (nguvu ya sumaku), na kingine Parklands cha 1.5, bei nafuu. Nataka picha safi, tusirudie. Nichague ipi?

Fundi_wa_Picha: Umeacha yenye uzito. Mapigo yanaenda sawa? Ana pesimeka, kile kifaa cha kuongoza mapigo? Figo je? Anaweza kubana pumzi sekunde 15?

Wa_Kasarani: Hana pesimeka. Moyo umepanuka, ndiyo niliambiwa. Akipanda ngazi anahema sana.

Nyota_Embakasi: Chukua 3! Dada alipigwa ya ubongo, kila mshipa ulionekana.

Fundi_wa_Picha: Ubongo umetulia, Nyota. Moyo unadunda, kwa hiyo mashine hufuata ECG, yaani umeme wa moyo unaosomwa kwa vibandiko kifuani, na kukusanya picha kidogo kidogo, pigo baada ya pigo. Kwenye 3, damu inayopita ndani ya sumaku hutoa umeme unaovuruga mchoro wa ECG, mashine ikakosea pigo. Tena picha za moyo ukidunda hupata michirizi myeusi kwa urahisi. Ishara yake ina nguvu, sikatai, lakini kwa moyo mimi ni 1.5.

Mama_Rongai: Mimi nasema muulize anayeendesha mashine. Mama yangu aliingizwa bila maelezo. Vibandiko vya ECG vilikuwa vinabanduka kwa jasho, sauti kwenye spika inasema "vuta pumzi, bana", yeye mara anavuta nyingi, mara kidogo. Ripoti ikaja imeandikwa picha hazisomeki, na pesa zimeshaenda. Kituo cha pili, mashine ya nguvu ileile, kijana mmoja alimfuta kifua kikakauka, akabandika upya, akamfanyisha mazoezi kitandani: toa pumzi, bana, pumua. Mpaka akazoea. Picha zilitoka safi kabisa.

Fundi_wa_Picha: Huyo anajua kazi. Ukibana baada ya kutoa pumzi, kiwambo, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, hurudi karibu palepale kila mara. Asiyeweza, mashine inaweza kufuatilia kiwambo huku anapumua, ila huchukua muda.

Otieno_K: Kwani eko, ile ultrasound ya moyo, haitoshi? Bei ni tofauti kabisa.

Fundi_wa_Picha: Eko ni nzuri kuanzia. Kovu kwenye msuli ndilo linahitaji MRI: unadungwa gadolini, dawa ya kung'arisha picha, unasubiri dakika 10 au zaidi, kovu linang'aa jeupe. Dawa hiyo hutolewa mwilini na figo, ndiyo maana nikaziuliza.

Wa_Kasarani: Nimesoma barua ya daktari. Inasema mapigo hayana mpangilio.

Fundi_wa_Picha: Hilo lingetangulia! Piga simu vituo vyote viwili, uulize kama wana upigaji wa papo kwa papo usiosubiri ECG. Ukali wa picha hupungua, lakini haziparaganyiki. Daktari naye aulizwe kama mapigo yatatulizwa kwanza.

Nyota_Embakasi: Mimi bado ni 3. Na SHA, bima ya afya ya serikali, mmeomba idhini?

Wa_Kasarani: Bado. Tunaomba wenyewe?

Mama_Rongai: Hospitali ndiyo hutuma ombi. Nenda na kitambulisho cha mzee.